Wachina walivyowasoma Warusi, na kila mtu akaondoka na ukurasa wake

Februari 2014 kule Sochi, kipindi cha Olimpiki ya majira ya baridi, rais wa China Xi Jinping alikaa na mtangazaji wa televisheni ya Urusi, swali la vitabu lilipokuja jamaa akaanza kushusha majina: Krylov, Pushkin, Gogol, Lermontov, Turgenev, Dostoevsky, Nekrasov, Chernyshevsky, Tolstoy, Chekhov, Sholokhov. Waandishi 11 wa Kirusi mfululizo. Wapo waliocheka wakasema hiyo diplomasia tu, kaandikiwa na wasaidizi akakariri kwenye ndege. Inawezekana, mwanasiasa ni mwanasiasa. Ila kuna kitu hawajakiangalia, Xi kazaliwa 1953, na Mchina wa rika lake aliyekuwa mpenzi wa vitabu ujanani hata ukimwamsha usingizini atakutajia majina hayohayo, labda atapunguza mawili akuongezee Gorky.

Na kuna stori amewahi kuisimulia mwenyewe, hiyo ndo imenifanya nikae chini niandike haya. 1969 alipelekwa kijijini Liangjiahe, mkoa wa Shaanxi, kama mamilioni ya vijana wengine wa mjini, na huko kwenye nyumba zilizochimbwa ndani ya mlima wa udongo wa njano akasoma Nini Kifanyike, riwaya ya Chernyshevsky ya 1863. Humo ndani kuna mtu anaitwa Rakhmetov, mwanamapinduzi anayejizoesha mateso, usiku mmoja analala juu ya misumari makusudi apime kama ataweza kuvumilia, asubuhi mgongo wote damu. Xi anasema walipoisoma wakatoa magodoro wakalala kwenye kang tupu, kang ni kile kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, mvua ikinyesha wanatoka nje kulowana, theluji ikianguka wanajisugua nayo, wanaoga maji ya baridi kisimani. (Kwenye misumari hawakufika, au angalau hajasema.)

Sasa hapo ndipo ilipo hoja yangu. Watu wakiongelea fasihi ya Kirusi na China wanakwambia kirahisi kwamba vitabu vya Warusi vilileta mapinduzi, basi kwisha. Mimi naona sivyo. Warusi hawakuwapa Wachina sera, waliwapa watu, yaani sampuli za binadamu: yule mgumu wa misumari, yule msomi mwenye maneno matamu ambaye ukimtafuta siku ya kazi humwoni, yule karani mdogo anayekanyagwa na kila mwenye cheo. Chama cha Kikomunisti kikampenda huyo wa kwanza kikamchapisha weee, lakini hakuna kitabu chenye mtu mmoja tu ndani, ukimfungulia mlango Rakhmetov na wenzake wanapita hapohapo, na wasomaji wa China kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakijichagulia wenyewe nani wa kuondoka naye.

Turudi nyuma kidogo. 1903, China bado ina mfalme, Binti wa Kapteni ya Pushkin ikatoka kwa Kichina, na mfasiri hakuitoa kwenye Kirusi, aliitoa kwenye Kijapani, na Wajapani nao walishaichezea mpaka wahusika wanaitwa Smith na Mary, kitabu kikapewa jina la stori ya mapenzi ya Urusi na mbwembwe za kipepeo anayeota ndani ya ua. Yaani uasi wa wakulima wa Pugachev umeingia China umevalishwa gauni la harusi.

Miaka 6 baadaye, 1909, ndugu wawili wanaishi Tokyo, Lu Xun aliyekuwa ameacha kusomea udaktari na mdogo wake Zhou Zuoren, wakatoa juzuu mbili za hadithi fupi za nje walizotafsiri wenyewe, zikiwemo za Warusi, Andreyev, Garshin, Chekhov. Walikuwa na ndoto kwamba wakiuza hizi watapata hela ya kuchapa nyingine na nyingine. Juzuu ya kwanza pale Tokyo iliuza nakala 21. Ya pili 20. Na Lu Xun alikuja kueleza baadaye ile nakala moja iliyozidi ilitoka wapi, rafiki yao wa karibu alikuwa na wasiwasi kwamba duka linapandisha bei juu ya ile iliyopangwa, akaenda kununua mwenyewe kama mtego, akakuta bei ni ileile, roho ikatulia, juzuu ya pili hakuhangaika tena. Kwahiyo kiukweli wasomaji walikuwa 20. Huwa nafikiria hao watu 20, mwanzo wa jambo kubwa hivi unatosha kuingia kwenye daladala moja na viti vinabaki.

Mei 1918 Lu Xun akatoa Shajara ya Mwendawazimu kwenye jarida la Xin Qingnian, na jina alilichukua waziwazi kwa Gogol, yuleyule ambaye tamthilia yake kwa Kiswahili inajulikana kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Hadithi ya Gogol ni ya 1835, karani mmoja wa Petersburg kazi yake kumchongea kalamu mkurugenzi, anampenda binti wa bosi, anaanza kusoma barua walizoandikiana mbwa, mwisho anajitangaza kuwa mfalme wa Hispania na wanampeleka hospitali ya vichaa, wanampiga na kummwagia maji ya baridi kichwani na yeye analia anamwita mama yake amwonee huruma mwanawe. Inachekesha halafu inakunyima usingizi. Lu Xun akachukua umbo lilelile la shajara na kichaa chake, ila kichaa wa Kichina yeye haumwi kwa sababu ya cheo, anafungua kitabu cha historia ya taifa lake, kila ukurasa umeandikwa fadhila na maadili, anakikodolea macho usiku mzima mpaka katikati ya mistari anaona maneno yamejaa kitabu kizima: kula watu. Na mstari wa mwisho halii mama, anasema okoeni watoto.

Ukizisoma pamoja hizi mbili utaona Lu Xun hakuiga, na hapo ndo ninapotofautiana na wanaoita hii athari kama vile ni mafua mtu kaambukizwa. Gogol anauliza huyu mtu mdogo kakosa nini. Lu Xun anauliza sisi wote tumekula nani. Swali la pili ni la kisiasa moja kwa moja, linagusa baba, babu, shule, mahakama, kila kitu, na lilitoka mwaka mmoja kabla wanafunzi wa Beijing hawajaandamana Mei 4, 1919.

Kwanini Warusi lakini, wakati vitabu vya Kiingereza na Kifaransa navyo vilikuwa vinaingia? Lu Xun alijibu kwenye makala yake ya 1932, kwa kifupi anasema fasihi ya Kirusi ilikuwa mwalimu wetu na rafiki yetu, maana hadithi za Ulaya za wapelelezi na wasafiri wa Afrika zilikuwa za kujikunia tumbo baada ya kushiba, ila kwa Warusi tuliona kwamba duniani kuna watu wa aina mbili, wanaokandamiza na wanaokandamizwa. Anasema leo hilo kila mtu analijua, ila wakati ule lilikuwa ugunduzi mkubwa kama mtu wa kale kugundua moto. Hapo namuelewa kabisa. Msomi wa China alipomsoma Turgenev alikuta nchi kubwa ya wakulima, urasimu hadi unakera, wakaguzi wa maandishi, mfalme, na kijana aliyesoma mwenye aibu kwa sababu ada yake imelipwa na jasho la mtu asiyejua kusoma. Alikuta nyumbani kwao, majina tu ndo magumu.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwangu mimi ndiye kiini cha hii stori nzima, Qu Qiubai. Kazaliwa 1899 kwenye familia ya maafisa iliyofilisika, mpaka mama yake akajiua 1916 kwa sababu ya madeni na ufukara. Kijana akaenda Beijing akaingia chuo cha lugha ya Kirusi, na sababu sio Marx wala Tolstoy, sababu ni kwamba hakikuwa na ada na ukimaliza kuna uwezekano wa ajira. Hapa napenda nisimame kidogo kwa sababu historia inapenda kuandikwa kama vile watu waliitwa na malaika, kumbe mtu alifuata chuo cha bure. Humo chuoni wanasoma Kirusi kwa kutumia Tolstoy, Pushkin, Turgenev, Chekhov, basi ndo akanasa. 1920 gazeti la Chenbao likamtuma Moscow kuwa mwandishi wake, akaenda akiwa na kifua kikuu, akamwona Lenin, akaenda mpaka Yasnaya Polyana nyumbani kwa Tolstoy, akarudi China, akautafsiri wimbo wa wakomunisti, Internationale, na kufikia Agosti 1927 akiwa na miaka 28 ndiye anakiongoza Chama cha Kikomunisti kikiwa kinawindwa nchi nzima. Mwaka mmoja tu wakamtoa.

Wenzake walipoanza yale Matembezi Marefu ya kuyakimbia majeshi ya serikali Oktoba 1934 yeye aliachwa nyuma, mgonjwa. Akakamatwa mapema 1935 na kufungwa Changting mkoa wa Fujian, na mwezi Mei kabla ya kupigwa risasi akaandika kitu alichokiita Maneno ya Ziada. Kama hujawahi kusikia habari zake jiandae kushangaa, maana ulitegemea kiongozi wa kikomunisti aliye mbele ya bunduki aandike idumu mapinduzi, yeye anaandika kwamba yote ilikuwa kutoelewana kwa kihistoria, kwamba yeye ni msomi dhaifu wa mambo nusunusu, aliyebebeshwa uongozi ambao hakuuweza, amecheza jukwaani miaka mingi na amechoka anataka kupumzika. Hajasaliti mtu, hajaomba msamaha kwa maadui, ila kavua nguo zote za ushujaa. Na ukurasa wa mwisho anaorodhesha vitabu ambavyo angependa avisome tena: Klim Samgin ya Gorky, Rudin ya Turgenev, Anna Karenina ya Tolstoy, kisha vya kwao, Ah Q ya Lu Xun, riwaya moja ya Mao Dun na Ndoto ya Chumba Chekundu. Halafu anamalizia kwa tofu, ile ya maharage ya soya. Anasema tofu ya China pia ni kitu kitamu sana, namba moja duniani, kwaherini.

Rudin! Mtu yuko wiki chache kabla ya kifo na anamtaja Rudin. Kwa ambao hawajaisoma, Rudin ni yule msomi mwenye mdomo wa asali, akiongea sebule nzima inanyamaza, binti wa watu akawa tayari kutoroka naye, wakakutana kwenye bwawa, binti anamuuliza sasa tunafanyaje, jamaa anajibu tukubali matokeo tu, mama yako kakataa. Mimi nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa hasira. Lakini Turgenev baadaye akamwongezea mwisho mwingine, Paris 1848, kwenye kizuizi cha mtaani ambacho karibu kila mtu ameshakikimbia, anapanda juu mtu mmoja mrefu, nywele mvi, mkono mmoja bendera nyekundu na mwingine panga butu, anapigwa risasi, na wanaokimbia wanasema wamemuua Mpolandi. Hata jina lake hawakulijua. Juni 18, 1935 Qu Qiubai alitolewa, na inasimuliwa kwamba alitembea huku akiimba Internationale kwa Kirusi, akafika kwenye nyasi akakaa akasema hapa panafaa. Alikuwa na miaka 36.

Ukiniuliza athari ya fasihi ya Kirusi kwenye siasa za China ni ipi nitakuonyesha hiyo orodha ya vitabu kabla sijakuonyesha hotuba yoyote. Warusi walimfundisha huyu kiongozi kuingia kwenye mapinduzi na Warusi haohao wakampa lugha ya kujisema kwamba hakufaa. Na chama hakikujua la kumfanya, kikamzika upya kwa heshima Beijing 1955, Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao, yalipoanza 1966 wakamwita msaliti kwa sababu ya hayo Maneno ya Ziada, kaburi likavunjwa, halafu 1980 akasafishwa. Mtu mmoja na kurasa zake chache zimewasumbua hivyo.

Mao yeye alikuwa na macho makali kwenye hili. Kwenye hotuba zake za 1942 kule Yan'an, makao ya chama wakati huo, kuhusu fasihi na sanaa alitoa mfano wa riwaya ya Fadeyev kuhusu kikosi kidogo cha waasi wa msituni, ambayo Lu Xun ndiye aliyeitafsiri, akasema haikuandikwa kuwafurahisha wasomaji wa dunia ya zamani ila imeitikisa dunia, na China tunajua ilivyotuathiri. Yaani kitabu kama silaha. Mwaka huohuo huko Shanghai Mei Yi akatoa tafsiri ya Jinsi Chuma Kilivyofuliwa ya Nikolai Ostrovsky, nayo kaitoa kwenye Kiingereza, na baada ya chama kushika nchi 1949 hiyo ikawa karibu kama msahafu wa vijana. Pavel Korchagin, kijana fukara wa Ukraine, anapigana vita, anajenga reli kwenye theluji, anapooza, anapofuka, na bado anaandika. Ostrovsky mwenyewe aliyapitia hayo akafa 1936. Ule msemo wake kwamba maisha mtu hupewa mara moja na ayaishi ili asije kujuta, watoto wa shule wa China waliukariri kizazi hadi kizazi.

Sasa angalia mchezo ulivyoharibika. Katikati ya miaka ya 50 Umoja wa Vijana wa chama ukawahimiza vijana wasome kitabu kingine cha Kisovieti, cha Galina Nikolaeva, kuhusu Nastya, binti mtaalamu wa kilimo kwenye kituo cha matrekta ambaye hanyamazii uzembe wa wakubwa. Jifunzeni kwa Nastya, wakaambiwa. Na kuna kijana wa miaka 21 anaitwa Wang Meng akaamini! Septemba 1956 akatoa hadithi kuhusu Lin Zhen, mwalimu aliyehamishiwa idara ya oganaizesheni ya chama wilayani, anaripoti kazini akiwa na hicho kitabu cha Nastya mfukoni, anakuta mabosi wamepoa, majalada hayasogei, na naibu mkuu wa idara kwa kila kitu ana msemo wake mmoja, ndo hivyo tu ilivyo. Na cha kuuma zaidi huyo bosi ni msomaji mkubwa wa riwaya, anasoma usiku anaota maisha safi, asubuhi anarudi kwenye ndo hivyo tu ilivyo. Kama umewahi kufuatilia faili ofisi yoyote ya umma hiyo sauti unaijua.

Mwaka huohuo mwandishi wa habari Liu Binyan akatoa ripoti ya ujenzi wa daraja ambako mkuu wa kazi hataki kuamua chochote bila maagizo ya juu, na hiyo mbinu kaichukua kwa Valentin Ovechkin, mwandishi wa Kisovieti aliyekuja China 1954 na Liu akamzungusha kama mkalimani. 1957 Mao mwenyewe mwanzoni alimtetea Wang Meng hadharani, halafu upepo ukageuka, watu zaidi ya 550,000 wakabandikwa jina la wapinga chama wa mrengo wa kulia na hawa wawili wamo. Wang Meng akaishia Xinjiang kuanzia mwisho wa 1963 hadi 1979. Kosa lao ukiliangalia kwa karibu ni kwamba walifanya walichoambiwa, walisoma kitabu walichopewa na wakakichukulia siriasi.

Baada ya hapo China na Sovieti zikagombana, na vitabu vya Moscow vikawa sumu ya marekebisho, yaani ya kuupindisha ukomunisti. Ila huwezi kuipinga sumu bila kuijua, kwahiyo serikali ikaanza kuvitafsiri kwa ajili ya makada wakubwa tu, kava la njano au kijivu halina picha, limeandikwa kwa matumizi ya ndani. Humo walikuwemo Ehrenburg na kumbukumbu zake, Tiketi ya Nyota ya Aksyonov, na 1963 Siku Moja ya Ivan Denisovich ya Solzhenitsyn, mwaka mmoja tu baada ya kutoka Moscow. Tafsiri nzuri kabisa, zimefanywa na mafundi, maana mafundi hawakuwa na kazi nyingine. Halafu 1966 nyumba za wakubwa zikavamiwa na maktaba zikafungwa na kuvunjwa, na vile vitabu vya njano vikaanza kutembea vyenyewe. Vijana takriban milioni 17 waliopelekwa vijijini kuanzia mwisho wa 1968, wapo waliokwenda na hivyo vitabu kwenye vifurushi. Unapewa kitabu usiku mmoja, asubuhi mwenzako anakingoja, kikikushinda kumaliza unanakili kwa mkono. Mshairi Bei Dao, wakati huo mfanyakazi wa ujenzi Beijing, ni wa rika hilo lililolelewa na kava za njano, na Desemba 1978 yeye na Mang Ke ndo waliobandika kurasa za jarida lao la Jintian kwenye kuta za Beijing, serikali ikalifunga baada ya muda mfupi. Sidhani kama yupo kada aliyekaa akahesabu kwamba kitabu kilichochapwa ili kipingwe ndo kitalea washairi wa kumpinga.

Na hata kile kitabu kitakatifu cha Korchagin hakikusalimika. 1996 mwanafalsafa Liu Xiaofeng aliandika kwenye jarida la Dushu makala ya kumkumbuka Tonya. Tonya ni yule binti wa mkuu wa misitu, mwenye blauzi ya kibaharia, mpenzi wa kwanza wa Pavel, anayeachwa kwa sababu Pavel anamwambia mimi ni wa chama kwanza halafu ndo wako. Wanakuja kukutana tena relini kwenye theluji, yeye anashuka kwenye treni na mume wake, amevaa manyoya, Pavel yuko matambara na viatu vimekwisha, anamwambia unanuka dawa ya nondo. Kila kijana wa China alifundishwa kushangilia hapo. Liu anaeleza kwamba yeye alikuwa mtoto Chongqing wakati makundi ya Mapinduzi ya Utamaduni yanapigana kwa silaha mitaani, maiti ameziona, na katikati ya hayo aliyempenda kitabuni ni Tonya, kwa sababu Tonya hakuwa adui wa mtu, alitaka tu kupenda mtu mmoja na kuishi, na mapinduzi hayana haki ya kumnyang'anya hilo. Hiyo kwangu ni siasa kuliko matamko 10. Chama kilimchapisha Pavel kwa miongo, mtoto akaondoka na Tonya.

Mwandishi Ba Jin nitamtaja kwa haraka ingawa anastahili makala yake, hilo Jin kwenye jina lake la uandishi kalitoa kwenye silabi ya mwisho ya Kropotkin, mwanaanarkia wa Kirusi. Miaka ya 70, mke wake Xiao Shan ameshafariki, yeye kapigwa marufuku kuandika, alikaa Shanghai anatafsiri kumbukumbu za Herzen, Mrusi aliyempinga mfalme wake, maneno mia kadhaa kwa siku, bila matumaini ya kuchapishwa, na alieleza baadaye kwamba alikuwa anajisikia anatembea na Herzen kwenye usiku wa Urusi ya Nikolai wa kwanza, wanamlaani mfalme pamoja, na anajua kabisa anamlaani nani. Na hapohapo Shanghai kulikuwa na Cao Ying, aliyekuja kutafsiri riwaya na hadithi zote za Tolstoy peke yake kwa miaka kama 20, kwa ajili ya Vita na Amani aliandika kadi 559, kila mhusika kadi yake, jina, umri, ndugu zake, anaongeaje. Kazi ya namna hiyo siioni ikifanyika tena na sijui nani angeilipia.

Mei 1978 vitabu vya kale viliporudi madukani, Anna Karenina akiwa mmojawapo, foleni zilizunguka maduka ya vitabu ya Xinhua. Na 1982 Gulag Archipelago, kitabu cha Solzhenitsyn kuhusu kambi za wafungwa za Sovieti, ikatoka kwa Kichina, kwa matumizi ya ndani bila shaka, na mchapishaji wake ni nani? Shirika la uchapaji lililo chini ya Wizara ya Usalama wa Umma. Yaani polisi. Nilicheka peke yangu nilipojua hilo, halafu nikawaza kumbe inaeleweka, nani mwingine angekihitaji kitabu hicho kikazi.

Tusizidishe chumvi lakini. 1949 Wachina wengi sana hawakujua kusoma kabisa, mkulima wa Hunan hakubeba mkuki kwa sababu ya Turgenev, alibeba kwa sababu ya kodi, ardhi, njaa na Wajapani. Riwaya zilifanya kazi kwa kundi dogo, wale wanaoandika vipeperushi, kufundisha shule na kukaa kwenye kamati. Tena Warusi wenyewe walifika wamekatwa kucha, Dostoevsky alipokelewa kama mtetezi wa waliodhalilishwa na Kristo wake akaachwa mlangoni, hata Lu Xun alisema huyu namheshimu ila siwezi kumpenda. Na anayeamini kwamba kusoma Tolstoy kunamlainisha mtawala arudi pale Sochi ahesabu tena yale majina 11 halafu aangalie magereza.

Leo Chekhov yumo kwenye vitabu vya shule vya China, Kinyonga wanaisoma sekondari ya chini na Mtu Ndani ya Mfuko wanakutana nayo baadaye, mpaka mtu mwoga wa kila kipya kwa Kichina anaitwa mtu wa mfukoni na kila mtu anaelewa. Kinyonga ni ile ya inspekta wa polisi Ochumelov sokoni, mbwa kamng'ata mtu kidole, inspekta anafoka mbwa auawe, mtu kwenye umati anasema huyo mbwa wa jenerali, inspekta anaanza kusikia joto, nivue koti, kumbe wewe ndo umemchokoza mbwa, mwingine anasema hapana jenerali hana mbwa kama huyu, ghafla baridi, nivishe koti, mbwa koko huyu, na hivyohivyo koti linavuliwa na kuvaliwa mpaka mwisho. Darasa zima la watoto wa miaka 14, 15 linacheka, hiyo haihitaji mwalimu. Halafu mwalimu anauliza hadithi hii inafichua nini, na jibu la mtihani linajulikana, wanaliandika kwenye daftari: inafichua uozo wa utawala wa kifalme wa Urusi, karne ya 19.